Sakafu ya Mama Kwamboka

Ijumaa, Nyamira. Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana na mpaka sasa haijaamua kuacha.

Fundi Mogaka ameondoka mapema, maana jua likizama Sabato imeingia, na yeye anarudi Keroka. Ameniachia sebule inayong'aa na harufu ya vanishi. Nimekaa jikoni kwa sababu sebuleni hapakanyagwi bado. Viti viko barazani chini ya turubai, na vitambaa alivyovifuma mke wangu nimevikunja mwenyewe. Nimevikunja vibaya.

Ukiacha mvua, nyumba imenyamaza mpaka naisikia friji.

Sijawahi kueleza hapa kwa nini mstaafu mwenye sakafu yake nzuri ya saruji nyekundu ameamua ghafla kutandika mbao. Ukweli ni huu. Mke wangu alikwenda Amerika kumsaidia binti yetu Kwamboka alipojifungua. Alisema ni miezi michache tu. Mtoto yule sasa anakimbia, wa pili amezaliwa, na mimi bado napika chai ya mtu mmoja. Miaka yote alilalamika kwamba saruji ina baridi, inamuumiza miguu. Nikajiambia, nikimtandikia mbao atarudi.

Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuchagua mtindo. Mogaka alipanga vibao chini bila gundi ili nione. Upande mmoja mfupa wa samaki, vibao vikikutana kwa pembe kama miiba. Upande wa pili mkeka, vibao vinne vimesimama, vinne vimelala. Mimi nilipenda mkeka, umetulia. Lakini kwetu Gusii sakafu si jambo la mwanamume. Mama yangu alisiriba yake kwa udongo na samadi, akaacha alama za kiganja jinsi alivyotaka, na sikumbuki baba akiulizwa. Mogaka ni kijana, lakini hilo analijua. Akagoma.

"Baba, mama amesema gani? Mimi siwezi weka gundi kama hajasema. Atakuja aniulize ni nani aliharibu nyumba yake."

Nikapiga picha zote mbili, nikamtumia mke wangu. Huyu ni mwanamke aliyewahi kunirudisha Kisii mjini mara mbili kwa sababu ya rangi ya pazia. Nilijiandaa kwa vita. Kusema kweli, nilivitamani.

Jibu likaja siku iliyofuata: "Yoyote tu, Baba Kwamboka."

Yoyote tu.

Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama katikati ya vibao, nikaingiwa na hofu. Angenigombeza, ningelala vizuri usiku ule. Nikamwambia Mogaka kwamba mama amechagua mfupa wa samaki. Nilidanganya, tena nilichagua nisioupenda ili uwongo wenyewe ufanane na yeye. Sisi wawili hatujawahi kupenda kitu kimoja.

Fundi akapiga mstari wa kufuata kwa kamba ya chaki katikati ya chumba, akaanza. Siku zile zote nilikuwa na mtu wa kuongea naye, na nakiri nilimchelewesha kwa maswali nisiyoyahitaji. Leo amemaliza.

Jua lilipokaribia kuzama nilimpigia mke wangu kwa video, kwao ikiwa asubuhi. Alikuwa amembeba yule mdogo. Nikasimama mlangoni, nikageuza simu, nikamwonyesha polepole, kona hadi kona. Nilingoja aseme lolote, hata kwamba vibao vya dirishani vimepinda.

"Imependeza sana," akasema. "Tukija kukutembelea tutaiona vizuri."

Kukutembelea. Mtu hatembelei nyumbani kwake.

Mtoto akalia, tukaagana. Nikafungua Sabato peke yangu. Wimbo tuliozoea kuimba kwa sauti mbili nimeuimba kwa moja, na ubeti wa pili umenishinda.

Nimeumia, na nimechoka kujifanya sijaumia. Nimekuwa nikimuuliza swali langu kwa mbao na picha na vanishi, na yeye amekuwa akinijibu kwa adabu. Kesho Sabato ikiisha nitampigia tena, na safari hii sitageuza simu. Nitamwacha auone uso wangu, nimuulize kwa mdomo: Mama Kwamboka, unarudi, au nianze kuzoea?