Masizi ya Bibi

Waa, Jumanne

Eti uchafu! Kaka Bakari ameingia leo katika jiko la marehemu Bibi, akainua macho kwenye uchaga wa mahindi niliomaliza kuukarabati jana, akaniambia nitafute sabuni na brashi.

Nimebadilisha boriti zilizoliwa na mchwa, nimefunga fito upya, na yeye ameona masizi tu.

"Wageni wa posa yako wanakuja, Mwanaisha. Watatuona maskini. Kesho naleta rangi nyeupe, tupake kila mahali."

Nikamjibu, "Masizi hayo ndiyo yaliyofukuza fukusi kwenye mahindi yaliyokukuza."

Bibi alikuwa akipika chini ya uchaga makusudi, ili moshi upande kwenye mahindi yasibunguliwe. Kaka anajua. Amejisahaulisha tu tangu ahamie Ukunda.

Naogopa, sitajidanganya. Yeye ndiye mkubwa, na akishasema jambo mbele ya wajomba, hakuna anayepinga.

Lakini alipoondoka nimekwangua masizi ya boriti, nikayachanganya na gundi ya mkorosho, nikamchora Bibi ukutani, chini ya uchaga wake. Ameinama anapuliza moto, leso kiunoni, ametupa mgongo. Uso sikuuchora. Mgongo ule unatosha, kila mtu wa nyumba hii ataujua.

Sasa Kaka aje na ndoo yake. Nitamshikia mimi mwenyewe. Aanze kupaka pale pale, kwenye mgongo uliombeba.