Jalada la Kahawia

Kambi ya mbugani, kusini
4 Machi 2019

Kaka Nyange,

Assalamu alaykum. Asaa barua hii inakukuta na afya, wewe, wifi Mize na watoto. Mama nilizungumza naye Ijumaa kwa simu. Sauti yake nzuri, ila anasema macho yanazidi kumtia ukungu. Mie mzima, isipokuwa vumbi la huku linaingia mpaka kwenye chai.

Najua utashangaa kuiona barua yangu kwenye kompyuta ya duka lako la uchapaji. Tangu maziko ya Baba hatujaandikiana, na hata siku ile tulipeana mkono kama majirani tu. Sikuandika ili niyafukue hayo. Nina shida, na wa kunisaidia ni wewe.

Shirika dogo la ndege linalokwenda Dar, Unguja na Pemba limeniita kwenye usaili tarehe 28. Kila rubani ana kitabu chake cha safari, sisi tunakiita logibuku: umeruka wapi, kwa ndege gani, kwa muda gani, na nahodha wako alikuwa nani. Mie changu nakiandika kwenye programu ya simu tangu nilipoanza kujifunza. Wao hawataki kuoneshwa simu. Wanataka kitabu kilichochapwa na kujalidiwa, mkuu wangu wa kazi akitie saini, wakifungue mezani.

Mwaka jana niliitwa kwengine. Nikachapisha Dar, wakanitia spairo ya plastiki. Mmoja wa wasaili alipokifungua, spairo ikakatika, karatasi zikamwagika chini, na mie nikapiga magoti kuziokota miguuni mwao. Kazi sikuipata.

Wewe kujalidi ulifundishwa na Shehe Masika. Misahafu uliyoijalidi ya chuo cha Kurani watoto wanaivuta kila siku na haijafumuka. Faili nimelituma pamoja na barua hii. Jalada naomba liwe la kahawia iliyokoza, rangi ya ofisini. Mie nitakuwa Dar kwa rafiki yangu Alya kuanzia tarehe 24.

Kama hutaki niambie tu. Sitauliza kwa nini.

Mdogo wako,
Ummkulthum


Kambi ya mbugani
13 Machi 2019

Kaka,

Assalamu alaykum. Wazima huko? Huku mvua zimeanza na kiwanja chetu kimekuwa tope.

Sijapata jibu lako. Labda barua hukuiona, labda umeiona. Nilipokuwa nakwenda masomoni nilikuja dukani kukuaga, nikakuta umefunga, jirani akaniambia umekwenda Mkoani. Nikajiambia kuwa hutaki mdogo wako wa kike arushe ndege. Kama hata leo ndivyo, basi nijulishe kabla ya Jumapili nitafute pengine.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Ummkulthum


Konde
18 Machi 2019

Mdogo wangu,

Waalaykumu ssalamu. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mize yuko Wete, dada yake kajifungua, kwa hiyo nyumba kimya na mie nakula mkate wa boflo kwa chai. Mama anakuombea kila sala.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa naifanya kazi. Kitabu ndicho hicho ulichokishika.

Faili lako lilikuwa pana kuliko karatasi. Mara ya kwanza upande wa kulia wote ulikatwa, majina ya manahodha yakapotea. Nikachapa upya kwenye karatasi kubwa nilizozikunja kati, kila safari yako ianzie ukurasa wa kushoto imalizikie wa kulia. Kuzipanga zifuatane kulinitoa jasho. Umeme nao ukakatika katikati ya mwaka wako wa pili, nikarudia tena. Nimezishona kwa uzi fungu kwa fungu, kisha gundi, kisha nikakilaza chini ya matofali. Kifungue popote, kitalala mezani bila kushikwa.

Nilipokuwa napanga nilikuwa nasoma. Songea, Mpanda, Kilwa, Mafia. Kuna siku umepaa na kutua mara saba. Sikuwa najua kuwa kazi yenyewe ndiyo hii.

Jalada nimelitia la kahawia iliyokoza kama ulivyotaka. Mzigo nampa Safari, dereva wa gari za Mkoani, ataupakia kwenye boti. Najua kwa ndege ungefika upesi, lakini uwanja wa ndege mie siendi.

Na ile siku ya Mkoani, si kama ulivyodhani.

Kaka yako,
Nyange


Dar es Salaam
25 Machi 2019

Kaka Nyange,

Assalamu alaykum. Natumai Mize kesharudi na umepata chakula cha maana. Mie nimefika salama. Alya anakusalimu ingawa hakujui.

Kitabu nimekipata. Nimekilaza mezani nikaondoa mkono, kikatulia. Mkuu wangu wa kazi, ambaye ofisi yake iko hapa Dar, alipokuwa akitia saini alikuwa akipapasa mshono kwa kidole. Sijui nikushukuru vipi.

Ila kaka, jalada si la kahawia. Ni kijani, tena kijani cha jani la mgomba baada ya mvua. Alya alipoifungua bahasha alicheka, akasema, "Umeomba ofisi umeletewa shamba." Nami kwanza nilidhani kitambaa kilikwisha. Kisha nikadhani umenikomoa. Nikaisoma tena barua yako: umeandika kahawia, bila wasiwasi wowote, na wewe si mtu wa mzaha.

Nikakaa kitandani, nikakumbuka lile shati lako la kijani la wakati wa uchaguzi wa 2005. Ulilivaa ukenda sokoni Konde, watu wakaona ni rangi ya chama wasichokitaka, na kuanzia wiki ile wateja wakakususia duka. Baba akakuuliza, "Umehama chama?" Ukamjibu, "Ni shati tu." Mie nilikuwa bado skuli, nikaona umetuaibisha.

Nikakumbuka na mwaka wa kabla yake, ulipopata nafasi ya kusomea urubani ukaitwa Dar kupimwa. Ulirudi ukasema umebadili nia. Baba akasema umeogopa, na Konde nzima ikasema hivyo.

Nami nimepimwa kipimo hicho hicho. Daktari hukufungulia kitabu cha nukta za rangi, na ndani ya nukta mna tarakimu. Kaka, wewe zile tarakimu uliziona?

Alya anamjua fundi wa Kariakoo anayebadilisha jalada kwa siku moja. Nimekataa. Nitaingia nalo.

Mdogo wako,
Ummkulthum


Dar es Salaam
9 Aprili 2019

Kaka,

Assalamu alaykum. Siku zimepita hujanijibu, nami sikukupigia simu maana najua utaniambia mteja amekuja. Nataka tu ujue yaliyotokea.

Wasaili walikuwa watatu. Mkubwa wao anaitwa Kapteni Soud, mtu mzima wa Unguja, mpole lakini macho yake hayakuachi. Alikifungua kitabu katikati, akauondoa mkono, akasubiri. Kikabaki wazi. Akaanza kusoma kwa kidole, ukurasa hata ukurasa, mpaka akafika safari moja ya Mafia.

"Hapa ulirudi ulikotoka," akaniambia. "Kwa nini?"

"Mvua ilifunga. Sikuwa naona mbele."

"Abiria walisemaje?"

"Walikasirika sana. Mmoja alikuwa anawahi harusi ya mwanawe."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwomba radhi. Sikuwa na jengine."

Akatikisa kichwa, akaendelea. Alipomaliza alikifunga kwa mikono miwili, akalitazama jalada. "Na hii kijani?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu la uongo, kaka, kuwa ndiyo rangi niipendayo. Halikutoka. Nikamwambia, "Kakijalidi kaka yangu, yuko Konde. Kaniandikia kuwa ni kahawia."

Kapteni akavua miwani. "Aliwahi kutaka kuruka, kaka yako?"

"Nadhani ndiyo. Sijamuuliza vizuri."

"Muulize vizuri."

Leo asubuhi wamenipigia simu. Kazi nimepata. Nitaanza mwezi wa sita, baada ya Idi, kama rubani msaidizi. Wewe ndiye wa kwanza kukuandikia, hata Mama bado sijamwambia.

Mdogo wako,
Ummkulthum


Konde
20 Aprili 2019

Mdogo wangu,

Waalaykumu ssalamu warahmatullahi. Hongera. Mama alipopata habari alipika bajia akagawa mpaka kwa wasiotujua. Mize karudi, mtoto wa Wete mzima, wamemwita Shatha.

Umeniuliza vizuri, basi nakujibu vizuri.

Zile tarakimu sikuziona. Daktari alikuwa akigeuza kurasa, mie naona nukta tu, kama mchanga. Nikadhani ananijaribu. Akaniambia taratibu, "Kijana, nyekundu na kijani kwako ni rangi moja. Nazo taa za uwanja ni nyekundu na kijani." Akanipa mkono, nikatoka. Boti ya kurudi niliipanda siku ile ile.

Sasa ningewaambia nini watu? Nyumbani walikuwa wameshanisomea dua, Baba keshanunua mbuzi. Niseme nina macho mabovu, na mie huyu sindano ikianguka sakafuni ndiye ninayeitwa kuitafuta? Nani angeniamini? Nikaona heri waniite mwoga, maana uoga mtu huweza kuuacha siku moja. Lile shati nalo nililinunua nikijua ni kaki.

Mize ndiye pekee aliyekuwa akijua. Kila fungu la kitambaa dukani hulibandika karatasi yenye jina la rangi. Safari hii karatasi ilikuwa imebanduka na mwenyewe yuko Wete. Nilishika simu nimuulize, nikaiweka. Nilitaka kazi yako niimalize mwenyewe.

Ile siku uliyokuja kuniaga nilikuona unateremka kwenye gari, na mkoba wako mpya. Nikafunga duka nikatokea mlango wa nyuma. Sikuwa na ubaya na kuruka kwako. Nilikuwa nakuonea choyo, na nilijua ukiniangalia tu utanijua. Mkoani sikuwa na shughuli. Nilikaa pale bandarini nikitazama wapagazi mpaka alasiri.

Jana nimemwambia Mama. Akasema, "Baba yako angelijua asingelisema yale." Akaushika upindo wa kanga yake akauliza, "Na hii waiona rangi gani?" Nikamwambia kahawia. Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka. Mpaka leo hakuniambia ni rangi gani.

Kaka yako,
Nyange


Unguja
11 Julai 2019

Mdogo wangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mie na Mama wazima. Tuko hospitali, daktari kamwangalia, kasema ni mtoto wa jicho na atamfanyia upasuaji kesho asubuhi. Mize kabaki na watoto.

Nakuandikia kwa sababu leo hatukupata nafasi ya kusema zaidi ya salamu. Wewe ulikuwa kazini na abiria wako nyuma yako. Ulipotuona tunapanda ngazi ya ndege uso wako ulibadilika, kisha ukaurudisha, ukamwambia Mama, "Angalia kichwa, Bi," kama unavyomwambia kila mtu. Nilipenda ulivyofanya.

Samahani hatukukwambia tunakuja. Kwa miaka kumi na tano sikuwa nimeutia mguu uwanja ule, hata asubuhi ya leo sikuwa na hakika. Tulipofika mlangoni nilisimama. Mama akanivuta mkono, akasema yeye haoni vizuri, kwa hiyo mie ndiye wa kumwongoza na si yeye wa kuniongoza mie.

Ndege ilipoanza kukimbia aliniuliza, "Anayeendesha ni Kulthumu?"

"Ndiye. Yeye na Kapteni Soud."

"Mwambie apunguze mwendo."

"Mama, ikipunguza mwendo haitapaa."

Akafikiri. "Basi mwache," akasema, akaanza kusoma aya zake, mkono wangu kaubana.

Tulipokuwa juu ya maji abiria walikuwa wakiitana madirishani. Tazama buluu ile, tazama pale ilivyogeuka kijani. Mama akanisukuma na mie nitazame. Sikutazama. Kiti changu kilikuwa nyuma yako kidogo, na muda wote nilikuwa naangalia mikono yako.

Kaka yako,
Nyange