Kina cha Maji ya Gedweyn

Garissa,
17 Machi 1996.

Kwa dada yangu mpendwa Ruqiya,

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, pamoja na shemeji na watoto, na vitunguu vyenu vya Rhamu viwe vimepata maji ya mto Daua ya kutosha. Sisi huku tu salama, ingawa kiangazi hiki cha jilaal kimekuwa kikali na vumbi halituachi. Mke wangu Lul anakusalimu na kuuliza kama mguu wako umepona. Nisamehe kwa kimya cha miezi mitatu. Sikukosa karatasi, Abaayo, dada yangu. Nilikosa uso.

Unajua nimelitumikia shirika hili la maji miaka kumi na mmoja, mpaka nikawa mkuu wa mafundi, na hakuna injini ya dizeli kati ya hapa na Diff nisiyoijua kwa mlio wake. Mwaka jana meneja wetu, Bwana Shirwa, alileta fundi mpya aliyesomea pampu za jua Nairobi, msichana wa kwetu aitwaye Kaaha, binti ya Maalim Yarrow. Nilidhani atakaa chini yangu ajifunze. Badala yake alipewa meza kando ya meneja, nami nikaambiwa nimsaidie. Madereva waliozoea kuniuliza mimi kila kitu wakaanza kumuuliza yeye. Sitakuficha, kila aliposifiwa nilihisi ninanyang'anywa kitu mkononi.

Mwezi wa Novemba shirika liliamua kujaribu pampu ya jua katika kisima cha Gedweyn. Bwana Shirwa ni mtu mwangalifu. Alituita sote akasema hakuna kati yetu aliyeiona mashine ile ikimaliza jilaal katika nchi yetu hii, kwa hiyo tuanze na kisima kimoja tu, na mwenye wasiwasi auseme kabla ya kazi, si baada yake. Akataka pia injini ya zamani ya dizeli ibaki pale pale mwaka mzima kwa tahadhari. Kaaha alimuunga mkono. Alisema amepima kina cha maji mara moja tu, baada ya mvua, naye hajui yanashuka kiasi gani wakati wa ukame. Akauliza kama yupo anayejua. Mimi nilisema tu kwamba injini imechoka, heri niilete Garissa niitengeneze. Wakakubali, kwa sababu neno langu juu ya injini halikuwahi kupingwa.

Pampu ilifanya kazi vizuri kwa miezi miwili, bila moshi wala dizeli, na wachungaji wakamwombea Kaaha dua. Nilikuwa nikiitikia amina huku moyo ukiniwaka. Kisha Februari mifugo ikamiminika Gedweyn kutoka kila upande. Maji yakashuka chini ya pampu, ikavuta hewa, ikazima. Habari zilitufikia kwa redio ya ofisi. Injini nilikuwa nimeifungua vipande vipande gereji, na ilituchukua siku nne kuiunganisha, kuipakia na kuifikisha.

Tulipofika nilimkuta mama mmoja mzee, Muslimo, ameketi kando ya birika la kunyweshea mifugo lililokauka. Mbuzi wake kumi na tisa walikuwa wamekufa mbele yake. Hakutulaumu. Aliniuliza tu kama maji yatatoka kabla ya adhuhuri, kwa sababu wawili walikuwa bado wanapumua.

Wazee walikaa kikao siku hiyo hiyo wakasema haya ndiyo matunda ya kumkabidhi msichana kisima. Kaaha alisimama akasema kosa ni lake, alipima mara moja akafunga pampu kwa kukisia. Akayaandika hayo hayo katika ripoti, na Bwana Shirwa akaambiwa na wakubwa wake aandae barua ya kumwachisha kazi. Nililolitamani mwaka mzima lilikuwa limefika.

Abaayo, nilijua. Kwa miaka sita nimekuwa nikikipima kisima kile kwa kamba na kuandika katika daftari ninaloliweka sandukuni. Nilijua kwamba jilaal maji hushuka mita kumi na mbili. Kaaha alipouliza, jibu lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza. Na injini haikuwa imechoka. Niliiondoa ili siku atakaposhindwa wote wanitafute mimi.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea Bwana Shirwa daftari na kumweleza yote, Kaaha akiwapo. Barua ya kumwachisha kazi imechanwa. Mimi si mkuu wa mafundi tena, na Muslimo amepewa mbuzi kutoka zizi langu. Ni haki. Pampu imeshushwa chini zaidi kisimani, injini imebaki Gedweyn, na imeamriwa kisima kipimwe misimu yote kabla ya mashine mpya kufungwa.

Kaaha hakunikaripia. Aliniuliza jambo moja, akiniita ami kwa heshima: "Adeer, ningekuwa mwanamume, ungeniambia?"

Nimejiuliza tangu siku ile, na ninaloliona ni kwamba nisingemwambia mtu yeyote ambaye angenipita, hata angekuwa mwanangu wa kumzaa. Hata jana, niliposikia kwenye redio watu wa Gedweyn wakimshukuru, wivu ulinirudia.

Niombee, dada. Msalimie shemeji na watoto wote, na unijibu hata kama ni kwa kunigombeza.

Mdogo wako,
Abdimalik