Kitambaa Ambacho Hukukiiba

Yaya Donati, kaka yangu wa pekee,

Mume wa shangazi alifika jana kutoka Mitwaba, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimuuliza habari zako hata kabla ya kumpa maji ya kunawa. Akasema u mzima, unalima, umekonda kidogo. Halafu akatoa ujumbe wako: nikuombee msamaha kwa patron, yule mwenye duka, kwa sababu ya kile kitambaa. Na eti kila Jumamosi unapiga magoti mbele ya padri wa huko na kukiungama tena. Yaya, nilicheka. Kisha nikalia mpaka mboga yangu ya sombe ikaungua motoni.

Unakumbuka Jumamosi zetu hapa Elisabethville? Tulikuwa wadogo, tunatoka kambi ya wafanyakazi kwenda kuungama, na njiani wewe ndiye uliyenigawia dhambi, maana mimi sikuwa na akili ya kuzitunga. Leo chukua hasira, ulikuwa ukiniambia, mimi nitabeba uvivu. Ukimwambia padri huna kitu, alikuacha magotini. "Hakuna muntu asiye na zambi," alisema. "Waza tena." Ukimpa kitu, anakubariki, unakwenda kucheza. Wewe uliongeza hata mahali na saa, ili zionekane za kweli.

Ulipokuwa fundi wa kushona kwenye baraza la duka la yule patron, nilipenda kupita pale bila shida yoyote, nikusikie tu ukibishana na wanawake juu ya mikono ya blauzi. Nilijivunia sana. Kisha jora la kitambaa likapotea, na polisi wakakuita.

Watu wa kambi wanasema ulipigwa. Mimi najua hawakukugusa. Ulinieleza mwenyewe nilipokuletea chakula, bukari na mboga, gerezani: komisari alikupa kiti, akauliza kwa upole, ukakana, akauliza tena, hivyo hivyo tangu asubuhi.

"Nilichoka kumusikia, Melania," uliniambia. "Nilizania nikiitika, atanipa malipizi kama padri, nitarudia ku nyumba."

Ukaitika, naye komisari akataka kujua ulikibebaje. Nawe ukampa: ulikizungushia gazeti, ukakiuza kwa msafiri wa Rhodesia. Jamani, yaya! Gazeti ulilitoa wapi, wewe? Komisari akaandika yote, akakufunga. Baadaye wakakuondoa mjini, wakakupeleka Mitwaba kwa ndugu za baba, wewe uliyezaliwa hapa hapa kambini. Nilikwenda kuwaambia polisi kwamba siku ile jora lilipopotea hukutoka kwangu. Wakanicheka. Mwenyewe amekubali, walisema, wewe unabisha nini?

Sasa sikia vizuri. Jora limepatikana. Lilipakiwa kimakosa pamoja na mizigo ya duka jingine la patron, lile la Jadotville, likakaa kwenye kasha muda wote huo. Fundi aliyechukua nafasi yako ndiye aliyeninong'oneza. Nilimwendea patron. Akajikuna shingo, akasema mambo ilishapita. Nikamtukana kwa Kiluba huku nikitabasamu, na bado naona sikumtukana vya kutosha.

Lakini yeye si kitu. Kinachoniumiza ni wewe, kwamba umekirudia kisa kile mpaka umekiamini. Siku ile ulikuwa na homa, umelala kwenye mkeka wangu, ukatapika uji wangu na kusema naweka chumvi kama mtu mwenye kisasi. Na kitambaa chenyewe, kile cha maua ya rangi ya chungwa, ulikuwa ukikisema vibaya kila siku. Wewe, na maringo yako yote, uibe kitambaa kibaya namna ile?

Patron sitampa usingizi mpaka aende polisi kusema ukweli. Wakikuita tena, hapo ndipo ninapoogopa. Nakujua. Watakuweka kwenye kiti, watauliza kwa upole, nawe utawaonea huruma uwape kitu. Nakupenda, yaya, lakini huo moyo wako laini utatumaliza.

Basi jizoeze. Ukiwa shambani peke yako, sema kwa sauti: sikuiba. Neno hilo likikukwama, niletee habari. Nitakuja huko, tuliseme pamoja mpaka litoke.

Mdogo wako aliyekuwa nawe siku ile,
Melania