Uso Usipitishwe Sindano

Jumanne, 15 Julai

Leo nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe. Najiambia: Nanyama wewe! Ungenyamaza tu.

Saa nne alikuja dukani kwetu mzee mmoja kutoka kijiji cha Ziwa, Mzee Kipyego. Mke wake, Mwalimu Jerop, alifariki wiki jana baada ya kuugua muda mrefu. Mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwao. Wiki jana hiyo hiyo waliagiza bango la mita sita kwa tatu lisimame kando ya hema, na picha yake kubwa akicheka. Cynthia, mwenzangu hapa dukani, alilipanga kwa kompyuta, likaprintiwa jana. Mashine yetu ya kuprinti haipiti mita moja na nusu kwa upana, kwa hivyo limetoka vipande viwili, cha juu na cha chini. Kuviunga ni kazi yangu, kama kawaida. Nakunja pindo, naunga, napiga matundu ya kamba.

Nikatandaza vipande juu ya meza Mzee aone. Ala! Maungio yanapita katikati ya uso. Macho na pua juu, mdomo na kidevu chini. Cynthia hakufikiria kusogeza picha, na mimi sikuangalia. Mzee akavua kofia, akaiweka kwa goti. Akaitazama ile sindano ambayo huwa nimeichomeka kwa kola ya koti siku zote. Akauliza nitaunga na nini. Nikasema cherehani, Mzee, laini mbili, haitoki.

Halafu akasema pembeni nishone nitakavyo, lakini uso nisiupitishe sindano. Miezi mitano hospitalini walimdunga mpaka wakakosa mshipa. "Mwacheni sasa," akasema.

Na mimi mbio mbio: sawa Mzee, sindano haitamgusa. Mungai, bosi wangu, akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilikuwa nimeshasema!

Jumatano, 16 Julai

Mungai anataka nishone tu. Ati nani ataenda nyuma ya bango kuhesabu mashimo? Nimemwambia mimi nitajua. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akanikumbusha Cheptiret.

Kwani nimesahau? Mwezi wa tano niliunga bango la shule moja ya huko Cheptiret kwa gundi. Upepo ukalifungua mbele ya wazazi wote, nusu ikaruka ikafunika meza ya zawadi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ile Mungai alisema nikikosea mara moja tena, nitafute kazi kwingine. Leo amerudia neno kwa neno. Kuprinti upya pia hapana, roli ya plastiki ya upana ule imeisha, nyingine itafika wiki ijayo.

Basi nimejaribu vipande vitatu vya takataka. Cha kwanza cherehani, nijue tu. Cha pili gundi. Cha tatu ile mashine ya hewa moto, inafanana na ya kukausha nywele lakini hii ni kali, inayeyusha plastiki mpaka pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Nimevitundika kwa ua nyuma ya duka, kila kimoja kimebeba jerikeni ya maji. Saa tisa mvua ikaja, Julai ni Julai. Nimesimama mlangoni nikichunga jerikeni kama ng'ombe. Mungai amenipita akitingisha kichwa.

Alhamisi, 17 Julai

Majibu. Cherehani imeshika, lakini maji yanachuruzika kwa mashimo. Hewa moto imeshika kabisa, hata nikining'inia mimi. Ya gundi — jerikeni nimeikuta ndani ya matope.

Kwa hivyo moto! Nimefurahi kama dakika kumi. Halafu nikajaribu kwa kipande chenye sura ya mtu, mabaki ya bango la harusi. Rangi ikageuka kahawia, plastiki ikajikunja. Bibi harusi ameungua shavu. Nikapunguza moto, haikushika. Nikaongeza kidogo, shavu tena. Mara ya nne. Mara ya tano! Penye rangi tupu doa halionekani, lakini penye ngozi ya mtu linaonekana hata ukiwa barabarani. Mkono wangu haujazoea hii mashine, ukweli ndio huo.

Sasa nimwokoe na sindano halafu nimchome na moto? Aki Mungu.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeamua. Maungio yote kwa moto, isipokuwa shubiri nne za uso. Hapo gundi.

Najua. Najua jerikeni! Lakini ile ilianguka baada ya kunyeshewa tangu saa tisa mpaka asubuhi. Kesho ibada ni saa nne, saa saba wanazika, saa nane watu wanakula. Mvua ya Julai huku haiji kabla ya saa tisa. Nimepiga hii hesabu kama mara ishirini.

Bango nimelifanyia kazi likiwa limelala kifudifudi, ili alama ya moto ibaki nyuma. Kipande cha juu nimekilaza juu ya cha chini, vile baba alivyonifundisha kule Kimilili akiezeka nyumba za watu. Bati la juu hulalia la chini, maji yateleze. Nikaosha, nikakausha, nikapaka gundi mara mbili, nikapuliza kwa mdomo maana hii baridi inafanya gundi iwe goigoi. Nilitaka kitu kizito cha kukandamiza. Hakikuwepo ila kichwa cha cherehani. Nimekiweka papo hapo nyuma ya uso wake — lakini kwanza nikakitoa sindano. Hakuna aliyeniambia. Niliona tu ni vibaya.

Mungai akauliza kama nimeshona. Nikasema imeunganika. Si uongo, ama?

Kiplimo, kijana mkubwa wa Mzee, mtu mzima na ndevu zake, amekuja kulichukua. Ni mpole kama babake. Nimemwambia nitakuja kulitundika mwenyewe. Akasema asante dada, na nikataka kulia.

Jumamosi, 19 Julai

Saa tatu na nusu asubuhi. Limesimama! Nguzo mbili, kamba kumi na nne, jua limewaka. Mzee alikuja akainua mkono, akapitisha kidole kwa mdomo wa mkewe, polepole, akitafuta mashimo. Hakuna. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tangu Jumanne ndiyo pumzi yangu ya kwanza.

Saa saba na robo. Niko ndani ya hema. Mama aliye kando yangu anadhani naandika mahubiri, ananisogezea Biblia yake nione mstari. Mahubiri hata hayajaanza. Waheshimiwa walichelewa, na sasa kila mmoja ana machache ya kusema, na machache yao hayaishi. Mawingu yanapanda upande wa Kitale, meusi. Keti chini, mheshimiwa. Keti!

Nimeinua macho kwa paa la nyumba ya Mzee ili nisiangalie mawingu. Bati la juu limelalia la chini, vizuri kabisa. Nikaangalia bango.

Uwi. Uwi uwi uwi.

Kipande cha chini ndicho kimelalia cha juu. Nililifanyia kazi kifudifudi! Nyuma ikawa juu, kumbe mbele ikawa kinyume. Yale maungio yamekenua kuelekea mbinguni kama mfuko wa shati. Penye moto hakuna shida, hapaingii tone. Lakini penye uso maji yatakaa juu ya gundi kama kwenye beseni. Mimi, binti wa fundi wa mabati! Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja hata kabla ya chakula.

Nimwambie nani? Kulishusha katikati ya ibada siwezi. Labda mvua itapita. Bwana, ipitishe kule Burnt Forest, ipitishe kokote.

Saa nane kasoro. Haikupita. Inanyesha ya kumwagika. Pasta amesimama sasa hivi, anapigana na kelele za mvua. Mimi sisikii neno, naangalia tu ile laini chini ya pua ya Mwalimu. Imeshika. Imeshika. Imeshika.

Pengo limefunguka, kidole kimoja kinapita.

Sasa ni kiganja. Upepo unavuta kipande cha chini, kinajikunja mbele, na kile kicheko chake kinaning'inia kinatazama matope. Watoto wa shule yake wameacha kumsikiliza Pasta. Wanaangalia Mwalimu. Mmoja ameanza kulia kwa sauti.

Mzee ameinuka. Hakuna aliyemzuia. Ametoka kwenye mvua bila kofia, ameinua mdomo wa mkewe, ameurudisha mahali pake, ameushikilia hapo kwa kiganja. Maji yanaingia kwa mkono wa koti lake. Hajageuka kunitafuta. Afadhali angegeuka, afadhali angenitukana! Mimi nimeficha uso kwa hiki kitabu.

Kiplimo amekuja kuinama sikioni mwangu. Ati baba anauliza, ile sindano ya kwa kola bado niko nayo?

Nimesema niko nayo. Nimesema lakini nilimwahidi. Kiplimo akasema baba anajua. Anasema nidunge, lakini polepole.

Ameenda kuniletea kiti cha kupandia, mimi ni mfupi. Nina uzi mweusi tu. Uzi umekataa kuingia, mara tatu. Mama wa Biblia amenipokonya sindano bila kusema kitu, ameilowesha ncha ya uzi kwa mate, ameutia, amenirudishia. Mzee bado ameinua mkono.

Kiti hicho kimefika.