Chupa ya Maji ya Zambarau

Kwa mdogo wangu, fundi wa kutia nguo rangi,

Pokea salamu, wewe na goti lako linalolalamika kuliko mwenyewe. Mimi mzima, ukiacha meno, yanayoniaga moja moja bila adabu. Wifi yako naye mzima. Anasema shuka uliyompa haijachuja hata kidogo, aliyechuja ni mumewe.

Ulicheka uliposikia nalipwa kuchunga viroboto. Cheka tu, mama, lakini ni viroboto wa maji, kila mmoja kama nukta iliyoota miguu. Hawapotei malishoni wala hawali shamba la mtu. Kazi yetu pale maabara ni kupima kama rangi za viwanda zinaua upesi. Tunachanganya rangi kwenye bilauri za maji, moja nzito, nyingine hafifu, mpaka ile ambayo jicho halioni kitu. Tunatia viroboto, tunangoja siku mbili, kisha tunatikisa polepole. Anayeogelea yu hai. Asiyeogelea anahesabiwa maiti. Nilimwambia mtaalamu wetu, binti mmoja mrefu mwenye huruma, kwamba kwa kipimo hicho wifi yako angenizika kila Jumapili asubuhi. Alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa nikae vizuri, maana barua hii inahusu karakana yako.

Nilipokutembelea ulijigamba kwamba zambarau yako haina neno, hata mtoto mchanga anaweza kuiogea. Nami nikasema labda mtoto wa jirani usiyempenda. Ulipoingia ndani kunitafutia kiti, nilichota chupa moja kwenye mfereji unaotoka kwenye mapipa yako kwenda kijitoni. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka nirudi na jibu la wataalamu, mmoja wetu amcheke mwenzake mpaka mwaka uishe.

Basi wakapima. Kwenye bilauri nzito nilitegemea msiba. Lakini hata ile hafifu, ambayo ningeinywa nikidhani ni maji, viroboto wangu walikuwa wamelala chini wote. Nikaitikisa mwenyewe. Nikaitikisa tena, kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa. Walipanda na maji, wakashuka na maji. Mtaalamu alinishika mkono, akasema, "Waache, babu. Huko chini ya mfereji wanateka maji watu gani?"

Niliirudisha bilauri mezani. Mimi na wewe tunawajua wanaoteka pale. Na wewe mwenyewe uliniambia vyura wameacha kulia, ukasema ni sabuni ya majirani.

Nilimwomba afiche majibu. Nikamweleza kwamba mapipa yale ndiyo kodi, ndiyo karo, ndiyo dawa ya goti. Alinisikiliza vizuri, machozi yakamlenga, akasema majibu yameshapanda kwa mkubwa wetu wa kazi. Nikapanda kwa mkubwa, yule ambaye tumbo lake hufika ofisini kabla yake. Akasema pole. Pole yake niifanyie nini?

Kuna la mwisho, nalo ndilo linalonikosesha raha. Chupa ile haikuwa na jina. Wasingejua imetoka wapi mpaka kiama. Lakini siku niliyoileta nilijitapa mbele ya kila mtu kuwa ni ya dada yangu, fundi asiye na mfano, nikataja mtaa na rangi ya geti. Mdomo wangu huu. Jumatatu wanakuja kuchota wenyewe, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua njia, nimeambiwa nitangulie na sanduku la chupa.

Nilitaka kukuandikia uyamwage mapipa kabla hatujafika. Nimeishika kalamu tangu asubuhi, na kila nikifika hapo inagoma. Utayamwaga wapi, mdogo wangu?

Wasalimie wote wa nyumbani. Tukija, usiniulize habari za safari.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye, mimi na mdomo wangu.