Kengele ya Dakika Tano

Free Area, Nakuru
Jumanne, 14 Januari 2025

Kwa Maitu wangu, Wangu,

Mtu akikuuliza ni nani mwenye bahati kuliko wote kutoka Lanet mpaka Njoro, mwambie ni babako, na asibishane. Jana lori la ngano lilipasuka tairi mbili mbele ya kibanda changu, hatua kumi tu! Dereva kushuka, akanikuta nimeshika jeki tayari kama mtu aliyepigiwa simu na malaika. Ndivyo nilivyo tangu zamani. Unajua mwenyewe habari ya mtihani wangu wa kidato cha nne: nililala fofofo, asubuhi nikaingia, nikaandika, nikatoka wa kwanza, na Bayolojia nikapata B, wakati wale waliomaliza mishumaa wakisoma walipata alama za kufunika kwa mkono. Nilizaliwa hivyo. Hata barabara ndiyo iliniita, la sivyo ningekuwa daktari mkuu saa hii, badala ya kuzunguka na malori Kampala, Kigali na Juba nikiwafundisha watu ucheshi.

Haya, wewe u mzima? Unakula? Unalala? Huku sote wazima. Mama yako anakusalimia na anasema uvae sweta.

Nanyama, huyo mwenzako wa chumba, ameniambia umempa simu yako aifungie kwa sanduku hadi mitihani iishe, eti grupu ya darasa inakutia baridi. Sawa. Cheptanui wa maziwa huja huko na pikapu yake Jumanne na Ijumaa. Barua itakaa juu ya mkebe wa chapati, na ukirudisha mkebe weka jibu.

Kibandani nimeweka kibao kipya: THUO PANCHA, BABA DAKTARI. Najua unasomea uuguzi, lakini "Baba Nesi" haivuti wateja. Kabiru kinyozi anauliza mgongo wake unauma kwa nini akiinama. Mimi nimemwambia asiiname, lakini anataka kusikia kutoka kwako.

Kwa vile unabeba jina la mama yangu na nakuita Maitu, yaani mama, mimi ni babako na mwanao pia,
Thuo


Njoro
Ijumaa, 31 Januari 2025

Kwa Baba,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na Mama mko salama. Chapati zilifika zikiwa na joto, Nanyama alikula nne. Mwambie Kabiru aende hospitali, asiningoje mimi.

Baba, kuna kitu nilikuficha Krismasi kwa sababu ulikuwa umewaita majirani wote na ukanisimamisha niwapime presha. Nilifeli mwezi wa Novemba. Kuna mtihani tunaita wa vituo. Ni ukumbi mmoja wenye vituo kumi, na kila kituo kuna mwalimu ameshika karatasi ya alama. Unafunga kidonda, au unapima dawa, au unadunga sindano kwa mkono wa plastiki. Baada ya dakika tano kengele inalia, na unahama hata kama hujamaliza. Nilipofika kituo cha nne mikono ilianza kutetemeka. Nikaangusha sindano, nikaiokota. Haiokotwi. Hata mtoto wa darasa la kwanza wa uuguzi anajua haiokotwi. Vituo vilivyobaki sivikumbuki, nakumbuka kengele tu.

Narudia tarehe kumi na saba Machi, Jumatatu. Nikianguka tena naondolewa kwenye kozi.

Asubuhi tuko wodini, mchana tuko darasani, jioni nazunguka kutafuta sahihi. Kila kazi niliyofanya wodini lazima sista aitie sahihi kwa kitabu changu, na huyo sista ana wagonjwa arobaini. Kwa grupu wenzangu walikuwa wanaandika wamesoma kwa muda wa saa ngapi. Mmoja alisoma kwa muda wa saa kumi na moja. Mimi nilisoma ukurasa mmoja mara kumi na moja. Wiki jana kuna mama niliyekuwa namwosha, nikaenda kuchukua maji, niliporudi alikuwa amefariki. Niliambiwa ninawe uso niwahi somo la saa nane.

Wewe ulilala ukapita. Mimi silali na nafeli. Nieleze vile ulifanya siku ile, Baba, hatua kwa hatua. Mikono yako uliiweka wapi? Na usiniambie ni bahati.

Maitu wako,
Wangu


Free Area
Jumanne, 4 Februari 2025

Kwa Maitu,

Nakusalimu kwa sauti ya juu, nikijua u mzima kwa sababu damu yangu haiugui ovyo. Mimi niko sawa, goti tu, na goti ni la kuonyesha watu kwamba nimetembea dunia.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimekalia tairi. Kufeli Novemba si kitu. Ulikuwa unapasha injini moto. Sasa sikiza mtaalamu, maana umeuliza mtu anayejua.

Siku moja kabla ya mtihani usiguse kitabu. Mimi siku ile nilicheza kandanda mpaka giza. Ukiingia, mtazame msimamizi machoni kama unamdai pole. Mikono usiiangalie kabisa, mikono ni kama punda, ukiiangalia inajiona. Halafu anza haraka! Jambo la kwanza kukujia kichwani ndilo la kweli. Mimi nilianza kuandika msimamizi akiwa bado anasema "mnaweza kuanza". Alishtuka yule mtu. Nafikiri mpaka leo akiwa amestaafu huwa ananisimulia.

Huyo mama aliyefariki, pole sana. Nilimwambia mama yako, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nimeweka maparachichi sita. Nanyama apewe mawili, si manne.

Babako na mwanao,
Thuo


Njoro
Ijumaa, 21 Februari 2025

Baba,

Hamjambo nyumbani? Asante kwa maparachichi.

Jana wodini Madam Nangila, mwalimu wetu wa kliniki, alitupima mmoja mmoja kwa wagonjwa wa kweli. Nilifanya vile ulisema. Juzi sikugusa kitabu. Nilimtazama Madam machoni. Mikono sikuiangalia na haikutetemeka, Baba, kwa mara ya kwanza. Nikaanza haraka na jambo la kwanza lililonijia.

Sikusoma jina kwenye kadi ya kitanda. Dawa ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Sista alinishika kifundo cha mkono sindano ikiwa karibu kufika kwa ngozi. Yule mgonjwa ni mzee wa umri wako, mkulima wa huku juu. Hakujua kitu, alikuwa amefumba macho akidhani nimeshamdunga. Aliniambia, "Asante daktari, mkono wako ni mwepesi."

Nilienda kwa choo cha wafanyakazi nikakaa huko mpaka Nanyama akaja kunitafuta.

Sasa nikishika sindano naona mkono wa sista tu. Chakula kinanishinda. Naanza kusoma, naona maneno, lakini hayaingii. Nadhani mimi sikuumbwa kama wewe, na hilo si kosa la mtu.

Nikisema nataka kurudi nyumbani, utasema nini?

Wangu


Free Area
Jumanne, 25 Februari 2025

Maitu wangu,

Usiogope tena, mambo nimeyamaliza! Babako anajulikana kwa kutokaa bure. Afya yangu ni ya simba, na yako itarudi ukisoma hapa chini.

Jana nilivaa suti, nikachukua yule jogoo mwekundu wa mama yako, nikapanda mpaka chuoni kwenu. Nilikuwa natafuta Madam Nangila. Msichana wa ofisini akaniangalia.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Ni jogoo. Huko kwenu hawako?"

Akacheka, nikajua mlango umefunguka. Madam akatoka. Mama mfupi, mpole, miwani imening'inia. Nikamwambia mimi ni Baba Wangu, na nimekuja kumsalimia tu, mtu haendi kwa mwalimu wa mtoto wake mikono mitupu.

"Baba Wangu, asante, lakini huyo jogoo rudi naye."

"Madam, huyu hajui njia ya kurudi."

"Mzee wangu, nakuomba. Utamharibia msichana."

Nikajua ni adabu tu, hata mimi nikipewa kitu hukataa mara mbili. Nikamfunga jogoo kwa mguu wa benchi pale nje nikaenda zangu. Kwa hivyo sasa anakujua una watu.

Hiyo ya kurudi nyumbani usiitaje tena hata kwa mzaha. Ukirudi, pale kwa kibao nitaandika nini? Baba nani?

Babako na mwanao,
Thuo


Njoro
Ijumaa, 28 Februari 2025

Baba,

Natumaini mko wazima.

Jogoo wako aliwika wakati mwaka wa kwanza wanafanya mtihani chumba cha pili. Chuo kizima kinajua ni wa nani. Darasani sasa naitwa Jogoo.

Niliitwa mbele ya walimu wanne. Zawadi kwa mwalimu kabla ya mtihani lazima iandikwe, hiyo ndiyo sheria yao, na Madam Nangila aliiandika. Hakunifokea. Alisema anajua mzee alitumwa na moyo. Angenifokea ingekuwa afadhali. Niliandika maelezo kwamba babangu hakutaka kuhonga mtu, kwamba ndivyo alivyo. Sasa tarehe kumi na saba mwalimu mwingine ndiye atanisimamia, na wote watakuwa wananiangalia.

Nilikuuliza swali moja. Umejibu kuhusu kibao.

Usitume kitu tena. Na usije.

Wangu


Free Area
Jumanne, 11 Machi 2025

Kwa Wangu,

Habari za huko? Sisi tuko.

Uliniambia nisitume, nikatuma, kwa sababu masikio yangu yana pancha. Lakini Cheptanui amerudisha mkebe wa Ijumaa na chapati zote saba ndani, na hakuna barua. Nimezihesabu. Mama yako alizirudisha kwa jiko akazipasha, na hakuna aliyezila.

Nilikosea kuhusu jogoo. Nimeandika hapa mzaha mmoja nikaukata, ndiyo hiyo mistari myeusi unaiona.

Niandikie neno moja tu. Hata kama ni tusi.

Thuo


Njoro, nje ya mlango wako
Jumapili, 16 Machi 2025

Maitu,

Karatasi hii Nanyama ameichana kwa daftari lake. Amenikalisha kwa stuli hapa kwenye veranda, maana leo hata yeye umemfungia nje, na kunipa chai, na chai imepoa.

Nimeongea na mlango wako tangu saa nne asubuhi. Nimeuambia kwamba Kabiru alienda hospitali na shida ya mgongo ni godoro bovu tu. Nimeuambia kuhusu mvua ya Lanet. Nimeuambia ile hadithi ya dereva wa Kigali, na majirani wako wawili wakacheka, na wewe sikusikia hata kitanda kulia. Nanyama anasema tangu Jumatano unatoka kwenda chooni pekee, na maji unakunywa. Nilivyosikia kuhusu maji nilimshukuru Mungu kama mtu aliyejengewa nyumba.

Wangu, mimi kazi yangu ni jeki. Gari likikaa chini natafuta mahali pa kuliinulia, na kila gari lina mahali pake. Nimekaa hapa kwa muda wa saa tatu na sijui mtu anainuliwa kwa kushika wapi.

Nilimpigia Madam Nangila. Niliogopa, lakini nilimpigia. Anasema kesho saa mbili atakuja hapa na mama mmoja mshauri wa wanafunzi, hawaji kukugombeza. Anasema mtihani wa kesho unaweza kusogezwa mtu akiwa mgonjwa, na hali kama yako ni ugonjwa, lakini ni lazima useme wewe mwenyewe. Nilimwambia mimi nitasema kwa niaba yako. Akasema, "Baba Wangu, wewe umesema ya kutosha." Ni kweli.

Uliuliza nitasema nini ukitaka kurudi nyumbani. Nitasema karibu. Ilikuwa neno moja na nilishindwa.

Sasa kuna lile lingine, na nimelizunguka tangu saa nne, ndiyo sababu mlango umesikia habari za Kigali. Nitaliandika na kulipitisha hapa chini ya mlango kabla sijajionea huruma.

Asubuhi ya mtihani wangu mama yangu, huyo unayebeba jina lake, alinichemshia mayai mawili akanisindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa sijalala kwa siku nne, mimi niliyesoma kuliko wote pale kijijini. Nilifika langoni mwa shule. Niliwaona wenzangu wamepanga mstari na kalamu zao. Nilitapika yale mayai nyuma ya ukuta. Halafu nikatembea mpaka barabara kuu, lori lilikuwa limesimama, nikamwambia dereva natafuta kazi ya taniboi, ya kumsaidia dereva. Tulikuwa Malaba, kule mpakani, kabla ya mtihani wa mchana kuanza. Hiyo ndiyo barabara iliyoniita.

Niliporudi, matokeo yakiwa yametoka, nilimwambia mama nimefanya na nimepita. Akatangaza kanisani. Alizikwa akiamini hivyo. Mama yako anaamini. Nilikufundisha namna ya kushika mtihani ambao sikuwahi kuuona, ukaenda nayo kwa mgonjwa, na hilo litakaa kwangu, si kwako.

Kama hutafungua leo nitakuwa hapa kwa stuli. Kama hutafungua kesho, sijui nitafanya nini.

Sina B ya Bayolojia. Sikuingia kwa mlango wa mtihani. Sikuwa na bahati yoyote, Wangu, niliogopa nikatoroka, na miaka thelathini nimekuwa nikidanganya.

Babako,
Thuo